Maneno Yanayouza Programu Yamo Kinywani mwa Mteja

Oktoba 2005, wateja wasiofika mia tano wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, waliingizwa katika majaribio ya huduma mpya ya simu jijini Nairobi na mjini Thika. Huduma hiyo ilikuwa imebuniwa na Vodafone ya Uingereza pamoja na Safaricom, na kazi yake ilijulikana: mkopaji alipe rejesho kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Walioitengeneza walikuwa na hakika na wanachokiuza.

Wateja wakaifanyia mengine. Huyu alimlipia mwenzake rejesho, mwenzake naye akamlipa kwa kazi. Wenye biashara waliweka humo mauzo ya siku, kwa kuwa jioni benki zilikuwa zimekwisha kufungwa. Wasafiri waliweka fedha kwa wakala wa mji mmoja, wakapanda gari mikono mitupu, wakazitoa walikoshukia. Mama mmoja, mumewe alipoibiwa, alimtumia nauli ya basi ya kurudi nyumbani. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi huo kwa upande wa Vodafone, waliyaeleza hayo katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2007.

Machi mwaka huohuo huduma hiyo, kwa jina la M-Pesa, ikazinduliwa rasmi nchini Kenya, na habari ya marejesho ilikuwa imewekwa kando. Kampeni ilibeba jambo moja: tuma pesa nyumbani. Haikujishughulisha na menyu ya laini ya simu, wala na akaunti ya benki inakohifadhiwa fedha ya wateja wote. Kabla ya mwaka kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja. Kaulimbiu haikufanya kazi hiyo peke yake. Kulikuwa na mawakala, na Safaricom tayari ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini humo. Lakini kaulimbiu yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliokwisha kuanza kutumiana pesa kabla kampuni haijajua kwamba hiyo ndiyo biashara yake.

Kampuni nyingi za programu hufanya kinyume cha hapo. Mwandishi hukabidhiwa orodha ya vipengele iliyoandikwa na wahandisi, kisha huambiwa aitie utamu. Kinachotoka ni "suluhisho la kisasa", "teknolojia ya hali ya juu", "mfumo rafiki kwa mtumiaji". Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, na pengine hazina uongo. Hazijatoka kwa mtu yeyote mwenye shida, kwa hiyo hakuna mwenye shida anayejiona ndani yake.

Ugumu unaongezeka kwa sababu programu ni bidhaa isiyoshikika. Mnunuzi wa kitenge hukipapasa, hukivuta, hukitazama mwangani kabla ya kutoa pesa. Mnunuzi wa mfumo wa kuendeshea duka hana nafasi hiyo. Mpaka ajisajili, aingize bidhaa zake na kuutumia siku kadhaa, alichonacho ni maneno ya muuzaji na picha chache za skrini. Maneno yakishindwa, hakuna kitu kingine cha kumbakiza.

Majigambo yana gharama

Mwaka 1997 watafiti wawili, John Morkes na Jakob Nielsen, walitengeneza tovuti moja kwa namna tano, kila namna na mtindo wake wa uandishi. Mada ilikuwa utalii wa jimbo la Nebraska, Marekani. Tovuti ya kwanza ilijaa sifa za kawaida za matangazo. Ya pili ilikuwa na takriban nusu ya maneno hayo. Ya tatu ilipangwa ili isomeke haraka kwa macho. Ya nne ilieleza mambo yaleyale bila kujisifu, na ya tano iliunganisha mbinu zote tatu. Wasomaji walipewa kazi za kufanya, kisha wakapimwa muda waliotumia, makosa waliyofanya na yale waliyoyakumbuka. Ikilinganishwa na ile ya majigambo, tovuti fupi ilifanya vizuri zaidi kwa asilimia 58, iliyopangwa vizuri kwa asilimia 47, na isiyojisifu kwa asilimia 27. Iliyounganisha yote iliipita kwa asilimia 124.

Namba ya kuitazama kwa makini ni hiyo 27. Tovuti ya nne haikupunguziwa habari. Iliondolewa sifa tu, na bado wasomaji waliimudu vizuri zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba msomaji akikutana na majigambo hulazimika kuyachuja ili aufikie ukweli, na kuchuja ni kazi ya ziada ambayo hakuomba kupewa.

Mwaka huohuo Nielsen aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu juu ya ukurasa wowote mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Hao walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta, Marekani. Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu leo anasoma kwenye kioo cha simu, amesimama kituo cha daladala au matatu, bando lake linahesabika na ujumbe wa WhatsApp unashuka juu ya kile anachokisoma. Hana subira ya kumsikiliza mtu anayejitambulisha kwa aya tatu.

Kukusanya kabla ya kuandika

Mojawapo ya matangazo yanayotajwa sana katika historia ya fani hii ni lile la gari la Rolls-Royce, lililoandikwa na David Ogilvy mwaka 1958. Kichwa chake kilisema kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Wengi hulitumia tangazo hilo kuonyesha kipaji cha mwandishi. Ogilvy mwenyewe alisimulia kwamba alitumia wiki tatu kusoma habari za gari hilo, na maneno hayo alikuwa ameyakuta kwa mhariri wa ufundi wa jarida la magari la The Motor. Tangazo lenyewe lilimtaja mhariri huyo. Kazi ya Ogilvy ilikuwa kusoma kurasa nyingi kavu mpaka akakutana na sentensi moja iliyo hai, na kuitambua alipoiona.

Kwa kampuni ya programu, kurasa hizo zimo ndani ya nyumba. Zimo kwenye ujumbe ambao wateja huutumia kitengo cha huduma, kwenye simu za malalamiko, kwenye maswali wanayouliza watu wanaotaka kununua na wasinunue. Zilizo tajiri kuliko zote ni za mazungumzo ya ana kwa ana na aina tatu za watu: aliyenunua karibuni, aliyeacha kutumia, na aliyeulizia bei kisha akanyamaza.

Namna ya kuuliza ina umuhimu wake. Ukimuuliza mteja kama anaipenda programu, atasema anaipenda. Adabu ya kwetu haimruhusu mtu kumwambia mgeni ubaya wa kazi yake usoni. Mhojaji mzuri huuliza mambo yaliyotokea, kwa kuwa hayahitaji maoni. Siku ulipoamua kutafuta mfumo, kulikuwa kumetokea nini? Kabla ya hapo hesabu ulikuwa unaziandika wapi? Kitu gani kilikufanya usite kulipia? Ukinyang'anywa leo, kesho asubuhi utakwama wapi?

Majibu huandikwa kama yalivyotamkwa, bila kuyasafisha. Mwenye duka hasemi "usimamizi wa akiba ya bidhaa"; anasema mzigo. Hasemi "ulinganifu wa mapato". Anasema kufunga hesabu. Hasemi "wadaiwa", anasema daftari la madeni, na mara nyingi analo mkononi, jalada limechanika, kurasa za mbele zimeshikizwa kwa mpira.

Kampuni za simu za Afrika Mashariki zililifahamu hili mapema. Mkopo wa muda wa maongezi Safaricom iliuita Okoa Jahazi, na Vodacom Tanzania ikauita wake Nipige Tafu. Huduma za kumalizia muamala pale salio lisipotosha zikaitwa Fuliza, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2019, na Songesha kwa upande wa Tanzania. Mtu aliyeishiwa salio njiani hahitaji kufafanuliwa Nipige Tafu ni nini. Ni maneno ambayo angemwambia rafiki yake.

Tangazo moja, kabla na baada

Namna kazi hii inavyofanyika huonekana vizuri kwenye mfano. Chukua kampuni ya kubuni inayouza mfumo kwa maduka ya vipuri vya pikipiki. Ukurasa wake wa mwanzo unasomeka hivi:

"Karibu kwenye suluhisho bora la kidijitali la usimamizi wa biashara. Mfumo wetu umejengwa kwa teknolojia ya kisasa na una moduli za stoo, mauzo, manunuzi na ripoti. Ni rahisi kutumia, ni salama na wa kuaminika. Jisajili sasa."

Kipimo cha kwanza cha aya kama hiyo ni kubadilisha mwenye nayo. Ukiweka jina la mshindani juu yake, inabaki kweli vilevile. Ukiweka jina la kampuni inayouza mfumo wa shule au hospitali, bado inakaribia kuwa kweli. Hakuna pikipiki ndani yake, hakuna duka, hakuna mtu. Neno "moduli" ni la mhandisi. "Rahisi kutumia" ni hukumu ambayo muuzaji amejipa mwenyewe. Na agizo la mwisho linamtaka msomaji ajisajili kabla hajaambiwa atapata nini wala atalipa kiasi gani.

Sasa tuseme mwandishi amekaa na wenye maduka. Mmoja anamweleza kwamba akisafiri kufuata mzigo, duka analiacha kwa kijana, na njiani hana amani. Kila baada ya saa anapiga simu kuuliza kimeuzwa nini. Mwingine anasema jioni pesa haifanani na vitu vilivyotoka, na hajui kama kimeibwa, kimekopeshwa au hakikuandikwa. Wote wawili wanauliza swali moja: mtandao ukikatika itakuwaje? Mwandishi anarudi ofisini na kuandika upya:

"Jua kilichouzwa dukani leo, hata ukiwa safarini. Muuzaji anaingiza kila mauzo kwenye simu. Saa mbili usiku unapata ujumbe mmoja: pesa iliyoingia, vitu vilivyokopeshwa na nani kakopa, na mzigo uliobaki. Mtandao ukikatika, mauzo yanahifadhiwa kwenye simu na kutumwa ukirudi. Shilingi 25,000 kwa mwezi kwa duka moja. Siku 14 za kwanza hulipi. Anza na bidhaa zako kumi."

Kila sentensi hapo ina kazi. Kichwa kinatokana na kero ya mwenye duka aliye safarini. Sentensi inayofuata inaonyesha kitu kinavyotokea, nani anafanya nini na kwa chombo gani, ili msomaji aweze kuiona siku yake mwenyewe. Ujumbe wa saa mbili usiku umetajwa kwa saa yake kwa sababu ndio wakati ambao mwenye duka angekuwa anapiga simu. Swali la mtandao limejibiwa kabla halijaulizwa. Bei imewekwa wazi, na hatua ya mwanzo imepunguzwa ukubwa: mtu mwenye aina mia saba za vipuri anaogopa kuziingiza zote, lakini kumi anaziweza kabla ya adhuhuri.

Moduli hazijatupwa. Zimeteremshwa chini ya ukurasa, zinakosubiriwa na mtu anayezihitaji. Eugene Schwartz, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu uandishi wa matangazo, alieleza kwamba wanunuzi hutofautiana kwa kiwango cha ufahamu: yuko asiyejua kama ana tatizo, anayejua tatizo lakini hajui dawa, na anayejua dawa na sasa analinganisha wauzaji. Mwenye daftari la madeni ni wa kundi la katikati na anahitaji kichwa kinachozungumzia safari na pesa ya jioni. Anayelinganisha mifumo mitatu tayari anataka jedwali la vipengele, na akilikosa ataondoka. Kosa la kawaida ni kumpa mwenye daftari kile kinachomfaa anayelinganisha.

Mfano huu una sharti. Mtandao ukikatika, mfumo lazima uhifadhi mauzo kweli. Kama hauwezi, sentensi hiyo inaondoka, na mwandishi anawapelekea wahandisi taarifa kwamba wateja wote aliozungumza nao wameuliza jambo hilohilo. Katika kampuni inayosikiliza, ujumbe huo hubadilisha ratiba ya kazi ya wahandisi, na tangazo linakuwa limesaidia kuitengeneza bidhaa.

Anayelipa na anayetumia

Programu za biashara zina utata ambao sabuni na soda hazina. Anayelipa si lazima awe ndiye anayetumia. Dukani, tajiri ndiye anayetoa pesa, kijana wa kaunta ndiye anayeingiza mauzo, na mhasibu anayekuja mwisho wa mwezi ndiye anayesema kama ripoti zinafaa. Watatu hao wana hofu tofauti.

Tangazo linaloahidi "kukomesha wizi wa wafanyakazi" humfurahisha tajiri. Kijana wa kaunta naye hulisoma, au huonyeshwa, na kuanzia hapo mfumo ni adui yake. Kwa kuwa mfumo unategemea vidole vyake, atauua bila kelele: leo simu imezima chaji, kesho amesahau namba ya siri. Ukweli uleule unaweza kusemwa kwa namna inayowafaa wote wawili. Kila muuzaji anafunga hesabu yake mwenyewe, kwa hiyo upungufu wa zamu nyingine hausingiziwi mtu. Tajiri anapata udhibiti aliotaka, na kijana anapata ushahidi wa uaminifu wake.

Mhasibu anataka mambo mengine kabisa. Anauliza kuhusu risiti za mashine za kodi za EFD na Mamlaka ya Mapato akiwa Tanzania, au kuhusu mfumo wa ankara za kodi wa eTIMS akiwa Kenya. Anauliza kama taarifa zinaweza kutolewa siku kampuni ikiamua kuhama. Maswali haya hayana mvuto wa kuwekwa kwenye kichwa, lakini yasipojibiwa mahali fulani kwenye ukurasa, mauzo hukwama bila mtu kueleza sababu.

Lugha ya ndani ya programu nayo huonwa na hao wote. Kuna mifumo inayotangazwa kwa Kiswahili kizuri, kisha mteja akiifungua anakuta vitufe na ujumbe wa makosa vyote ni vya Kiingereza. Hapo ahadi ya tangazo imevunjika kabla ya siku ya kwanza kwisha. Mwandishi wa matangazo anapaswa kupewa pia kazi ya kuandika maneno ya vitufe, ujumbe wa makosa na maelekezo ya kuanza, ili mteja asihisi kwamba aliyemkaribisha mlangoni na aliyemkuta ndani ni watu wawili wasiojuana.

Kitufe na majaribio

Maneno madogo huweza kuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2009 mtaalamu wa usanifu wa tovuti, Jared Spool, alisimulia kisa cha duka kubwa la mtandaoni ambalo hakulitaja jina. Wateja walikuwa wakijaza kikapu, wakifika kwenye malipo wanakuta kitufe kinachowataka wajisajili, na wengi wanaacha mali yao hapo. Kitufe kikabadilishwa kikasema "Endelea", na chini yake maelezo mafupi kwamba mtu hahitaji kufungua akaunti ili anunue. Kwa mujibu wa Spool, idadi ya waliokamilisha manunuzi ilipanda kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakaongezeka kwa dola milioni 300.

Kampuni ya 37signals ya Chicago ilipata funzo la namna hiyo kwa programu yake ya Highrise, ambayo iliwasaidia wafanyabiashara kufuatilia mawasiliano na wateja wao. Mwaka 2009 ilijaribu vichwa kadhaa kwenye ukurasa wa kujisajili. Kichwa kilichotangulizia siku 30 za kujaribu bure kilileta mibofyo asilimia 30 zaidi ya kile cha awali, kilichomwambia mtu afungue akaunti ya Highrise. Kufungua akaunti ni faida ya kampuni. Siku 30 za bure ni faida ya mteja.

Majaribio pia huwanyenyekeza wenye maoni makali. Katika kampeni ya Barack Obama ya kugombea urais, kikosi cha Dan Siroker kilijaribu mchanganyiko 24 wa picha, video na maneno ya kitufe kwenye ukurasa wa kukusanya barua pepe. Watu wa kampeni walikuwa na video waliyoipenda. Video zote zilishindwa na picha zote. Mshindi alikuwa picha ya familia ya mgombea pamoja na kitufe kilichomwalika msomaji ajue zaidi badala ya kumtaka ajiandikishe. Waliojisajili walipanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6 ya waliotembelea.

Jaribio hilo lilipitiwa na watu zaidi ya laki tatu. Kampuni inayotembelewa na watu mia mbili kwa mwezi haiwezi kuiga njia hiyo; tofauti itakayoiona huenda ikawa bahati tu. Ina njia nyingine. Iwape watu watano wa aina ya wateja wake ukurasa huo kwenye simu, wausome kwa sekunde chache, kisha simu ifichwe na waulizwe: kampuni hii inauza nini, inamuuzia nani, na wewe ungefanya nini sasa? Wakijikanyaga kwenye swali la kwanza, hakuna haja ya takwimu.

Ushahidi, bei na sheria

Maneno ya mteja hutumika pia kama ushahidi, na hapo ndipo uvivu huonekana zaidi. "Mfumo mzuri sana, naupendekeza" haumsaidii yeyote. Ushuhuda wenye nguvu una hali ya kabla, hali ya baada na kitu kinachohesabika: duka la aina gani, lina wauzaji wangapi, kufunga hesabu kulichukua muda gani zamani na sasa kunachukua muda gani. Ushuhuda unaokiri kasoro ndogo, kwa mfano kwamba wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, huaminika zaidi kuliko unaosifu kila kitu.

Kutumia jina, picha na maneno ya mtu kunahitaji ridhaa yake, na hili sasa limo kwenye sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kuchukua ujumbe wa WhatsApp wa mteja na kuubandika kwenye tangazo bila kumuuliza si ujanja wa biashara tena.

Bei nayo ina historia yake katika ukanda huu. Programu za mikopo ya simu zilijaa sokoni kwa matangazo ya pesa ya papo hapo, huku riba na makato yakifichwa au kuandikwa kwa namna isiyoeleweka. Machi 2022 Kenya ilitoa kanuni za watoa mikopo wa kidijitali zinazowataka wawe na leseni ya Benki Kuu na waeleze gharama zote kwa mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Walioumia hawakuishia kuchukia programu hizo. Muuzaji mwaminifu wa mfumo wa duka leo anakutana na mnunuzi aliyejifunza kushuku chochote kisichotaja bei, na maneno "wasiliana nasi kwa bei" humthibitishia shaka yake. Kama bei hubadilika kulingana na ukubwa wa biashara, ukurasa useme inaanzia wapi na nini huipandisha.

Yote haya yanadai muda, na kampuni changa hudai kwamba haina. Lakini hatua yake ya kwanza haihitaji wakala wa matangazo. Mwenye kampuni anayefikiria kuongeza bajeti ya matangazo mwezi ujao awapigie kwanza wateja wake wa karibuni, mmoja mmoja, awaulize siku walipoamua kununua kulitokea nini, na ayaandike majibu kama yalivyosemwa. Asimtume mtu mwingine, na asiitumie simu hiyo kuuza kifurushi cha pili. Kisha afungue ukurasa wa mwanzo wa tovuti yake, aweke majibu hayo pembeni, na afute kila sentensi ambayo hakuna mteja aliyeikaribia. Zitakazobaki zitakuwa chache. Nafasi itakayoachwa aijaze kwa majibu aliyopewa.